Kuachilia mtutu wa bunduki ya upepo: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Swali linarudi kila wiki, hata sura yake haibadiliki: "Nimesugua stoku mpaka noti inapita chini ya mtutu bila kukwama, mbona peleti bado zinatembea?" Stoku ni ule mwili wa mbao au plastiki unaoshika bunduki, noti ni ya pesa, na peleti kutembea ni kuhama mahali zinapogonga ingawa unalenga pale pale. Mara nyingi noti ilipita kwa sababu bunduki ilikuwa imelala mezani bila mzigo, na ukiishika kupiga stoku inajipinda inagusa tena, ama skrubu za brichi (pale nyuma peleti inapoingilia mtutu) zimelegea, ama shida haikuwa mguso tangu mwanzo na msee amekula mbao ya bure. Kwa hivyo tutaenda pole pole, na kusugua kutakuja mwisho mwisho.

Mtutu huru ni ule umeshikwa nyuma tu, pale kwa brichi, na kutoka hapo hadi mdomoni haugusi kitu: si stoku, si tenki la hewa, si pete. Ni hivyo tu.

## Kwanza, bunduki yako ni ya aina gani?

Kama ni PCP (ile unajaza hewa ya presha kabla ya kupiga) yenye tenki refu chini ya mtutu, huu mwongozo ni wako kabisa. Adui wako mkubwa ni ile pete inayofunga mtutu na tenki pamoja kule mbele.

Kama ni springi ya kukunja mtutu, funga ukurasa. Mtutu wako tayari uko huru, na ukiona peleti zinatawanyika angalia pini ya pale unapokunja na vile mtutu unajifunga ukirudishwa. Springi ya wenzo wa chini, ile mtutu haukunjwi, achana nayo pia, manake kwa nyingi wenzo unashikwa chini ya mtutu na ukianza kufungua fungua utaharibu zaidi ya utakachopata.

Bulpapu (zile fupi, triga iko mbele ya brichi) na za chupa ya hewa badala ya tenki refu zina mambo yake ya ganda la nje la mtutu. Hatua ya 2, 3 na 4 zitakusaidia, ile ya pete usome lakini usifanye kabla hujajua ganda lako linashikwa na nini.

## Vifaa

- Alenki kamili, za milimita na za inchi, zisizolika. Alenki iliyoliwa kona itaharibu skrubu ya brichi na hapo umelia.
- Fila geji, ile makanika anapimia plagi. Kirinyaga Road, Nairobi, utaipata duka lolote la spea.
- Spana ndogo ya toki, ile inapima nguvu ya kukaza skrubu, kama unaweza kuazima. Kama huna, utaweka alama na rangi ya kucha.
- Noti moja mpya isiyo na mikunjo, tochi ya simu, chaki au wanja.
- Msasa namba 120 na 240, na kipande cha paipu ya PVC chenye kipenyo kinachozidi cha mtutu kwa milimita 2 au 3.
- Vanishi na brashi ndogo.
- Vernia ya kupimia vipenyo, hata ya plastiki.
- Oringi laini, zile pete ndogo za mpira, za saizi ya pete yako.
- Gundi ya skrubu ya bluu. Usiguse ya kijani, nitaeleza.
- Mifuko miwili ya mchanga, karatasi za shabaha, na peleti za kopo moja. Usichanganye makopo.
- Kronografu, kipimo cha spidi ya peleti, ukipata ya kuazima. Si lazima, lakini itakuokoa na kulaumu kitu kisicho na makosa.

Na karatasi zako. Hapa kwetu Kenya vibali vinasimamiwa na Bodi ya Leseni za Silaha, hakikisha zako ziko sawa, na majaribio yote yafanyie kwenye renji inayoruhusiwa, sio nyuma ya ploti huku majirani wakianika nguo.

## Hatua ya 1: Andika vile bunduki iko saa hii

Hii ndiyo hatua watu wanaruka, alafu baadaye hawajui kama wamepanda ama wameshuka.

Piga mita 25, asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Piga makundi ya peleti 10, sio 5. Peleti 5 zinadanganya sana, unaweza kupata kundi tamu kwa bahati na ukaamini umetibu ugonjwa.

Jaza tenki hadi kiwango cha kitabu, tuseme bari 200, piga kundi la kwanza. Ikishuka kama 170 piga la pili, ikifika 140 piga la tatu. Lenga alama ile ile, na usiguse skopu (darubini ya kulengea) hata kama zinaenda pembeni.

Pima kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje wa mashimo yaliyo mbali zaidi, toa kipenyo cha peleti, 4.5 au 5.5. Hiyo ni saizi ya kundi. Lakini andika na kitu cha pili ambacho ndicho muhimu zaidi kwa kazi hii: katikati ya kila kundi iko wapi ukilinganisha na alama.

Sasa soma ulichopata, manake hapa ndipo uamuzi uko:

Makundi madogo lakini yanahama presha ikishuka, hasa yakienda pembeni kushoto au kulia: hapo kuna kitu kinasukuma mtutu. Endelea na mwongozo.

Makundi yanashuka chini tu na kronografu inaonyesha spidi imepungua: hiyo ni hewa, ni mambo ya regyuleta (kidhibiti cha presha) au nyundo (inayogonga valvu ifunguke), mtutu hauna hatia.

Makundi makubwa yaliyotawanyika kila upande na hayahami: karibu kila mara ni peleti, uchafu, mdomo wa mtutu au brichi. Kuachilia mtutu hakutibu kundi bovu, kunatibu kundi linalotembea. Wanaosugua stoku kwa sababu ya kundi la milimita 40 wanapoteza msasa.

Kuna wanaoniambia "lakini yangu ina regyuleta, presha haiwezi kuwa shida". Regyuleta inatuliza hewa inayoenda kwa valvu. Tenki lenyewe bado linashuka kutoka 200, na chuma likijazwa linavimba na kurefuka kidogo sana, huoni kwa macho, lakini kama pete imelifunga na mtutu basi kila likisonga linauvuta mtutu nalo. Piga hesabu: mtutu wa milimita 500 ukisukumwa mdomoni milimita 0.1 tu, unene wa karatasi, kwa mita 25 peleti imehama milimita 5 au zaidi. Kwenye mechi za mita 10 za kimataifa, kile kidoti cha kumi kina kipenyo cha nusu milimita. Piga picha.

Na sababu ya joto ambayo watu wanaikopa kwa bunduki za baruti, kwamba mtutu unapata moto ukipiga sana, huku haiko. Hewa ikipanuka inapoa, mtutu wa upepo hauchemki kwa kupiga. Joto letu linatoka nje: jua la saa saba likipiga upande mmoja wa chuma, ama Julai ile ya baridi ukianza kupiga asubuhi ukiwa na jaketi na saa sita umeivua.

## Hatua ya 2: Ondoa washukiwa wengine

Hapa ni haraka. Kaza skrubu za stoku, kaza pete za skopu, safisha mtutu kwa kuvuta kitambaa kutoka nyuma kwenda mbele, kagua mdomo wa mtutu na pamba ya masikio uone kama inanasa nyuzi mahali. Ikinasa kuna jeraha, na hilo ni la fundi anayejua silaha. Jaribu aina mbili tatu za peleti.

Na ndugu unayetumia jedwali la mahesabu la intaneti: Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, presha ya anga ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Hewa nyepesi inaizuia peleti kidogo kuliko kule pwani, kwa hivyo mbali itapiga juu kuliko jedwali la pwani linavyosema. Huo si mtutu kuguswa. Ndiyo maana pia pampu ya mkono inakumaliza mabega hapa, kila mvuto unaleta hewa kidogo.

Baada ya hii hatua rudia makundi ya hatua ya 1. Kama yametulia, hongera, umemaliza na hujachafua mikono.

## Hatua ya 3: Tafuta mahali panapogusa

Toa peleti, hakikisha magazini iko nje, bunduki haijakokiwa. Angalia tena. Alafu mwenzako aangalie.

Weka tochi upande mmoja wa mtutu na jicho upande mwingine. Mwanga ukipita kote ni dalili nzuri, ukikatika umepata. Pitisha noti kutoka mdomoni kurudi nyuma. Mahali inakwama weka alama ya chaki.

Sasa rudia yote hayo bunduki ikiwa na mzigo, na hapa ndipo wengi wameanguka. Iweke kwenye mfuko wa mchanga vile unavyoiweka ukipiga, shavu lako juu ya stoku, bega nyuma, kama unatumia baipodi (ile miguu miwili ya mbele) isukume mbele vile huwa unasukuma. Mwenzako akiwa pembeni, sio mbele hata kama bunduki ni tupu, apitishe noti. Stoku za plastiki zinajipinda ajabu, pengo la milimita moja linaisha kabisa ukiegemea.

Usisahau pengo kati ya stoku na tenki. Mtu anashughulika na mtutu siku nzima kumbe ni tenki linasukumwa na stoku upande mmoja, na tenki linasukuma pete, na pete inasukuma mtutu. Paka wanja kwenye tenki, funga stoku, fungua, uone palipochapa.

Ukifanikiwa utakuwa na ramani: hapa pete, hapa stoku kushoto, hapa tenki. Iandike.

## Hatua ya 4: Brichi kabla ya kila kitu

Ukishaachilia mtutu, brichi ndiyo inabeba kila kitu peke yake. Kwa bunduki nyingi mtutu umeingia ndani ya brichi na kushikwa na skrubu mbili au tatu ndogo zisizo na kichwa. Kama hizo zimelegea, ile pete unayoilaani ndiyo ilikuwa inaficha aibu, na ukiitoa makundi yatakuwa mabaya zaidi.

Jaribio la kidole ni hili. Legeza pete isishike. Piga peleti 3. Toa magazini, hakikisha ni tupu, alafu kaa pembeni na usukume mtutu karibu na mdomo kwenda kushoto, pole, nguvu ya kubonyeza kengele ya mlango, uachilie. Piga 3. Fanya tena, sasa kulia. Piga 3.

Makundi yote matatu yakikaa mahali pamoja, brichi inashika. Ya kushoto yakibaki kushoto na ya kulia kulia, mtutu haurudi nyumbani, na hakuna kuendelea mbele mpaka hapo parekebishwe.

Kurekebisha: kwanza toa hewa yote kwenye tenki kwa njia ya kitabu. Toa skrubu moja moja, safisha mafuta, tia tone dogo la gundi ya bluu, rudisha. Kaza kwa zamu, robo hii robo ile, ili mtutu usisukumwe upande mmoja. Fuata toki ya mtengenezaji, usibuni, hivi ni vyuma vidogo vya kukatika uzi.

Kama mtutu unacheza ndani ya brichi hata skrubu zikiwa zimekazwa, kuna mafundi wanauzungushia kipande cha mkebe wa soda, ambao ni kama milimita 0.1. Inafanya kazi ukikata vizuri na usiguse oringi za hewa. Gundi ya kijani inafanya kazi zaidi lakini kuitoa ni mpaka moto, moto unaua oringi, na siku utakayotaka kubadilisha mtutu utajuta. Mimi siipendekezi kwa mtu anayefanyia kazi sebuleni.

## Hatua ya 5: Pete

Una njia tatu, na zote ni halali.

Kuitoa kabisa. Ni rahisi, na mtutu unakuwa huru kweli kweli. Ubaya: mtutu mwembamba mrefu hauna mlinzi, ukigonga mlango wa gari ziro, yaani vile ulilinganisha skopu na shabaha, imeenda. Kabla hujaitoa hakikisha pete haishikilii kitu kingine, kwa bunduki zingine ndiyo inashika sehemu ya mbele ya stoku au mfuniko wa geji.

Kuipanua. Pete inabaki kwenye tenki lakini tundu la mtutu linaongezwa milimita 1 hadi 1.5. Mtutu hauigusi, ila ukigongwa pete inauzuia usiende mbali. Hii ndiyo naipenda. Peleka pete kwa fundi wa lethi, Kariobangi Light wako wengi, na mpe kipimo cha vernia kilichoandikwa, usimwambie "ongeza kidogo". Peleka pete peke yake. Usitembee na bunduki wala mtutu hadi kwa jua kali, hata ukiwa na kibali, huo mjadala utakaokuta njiani hauutaki.

Oringi laini. Pete inashika mtutu kupitia oringi laini pande zote sawa. Mtutu si huru, lakini msukumo ni mdogo na hauchagui upande. Ni njia ya bunduki inayobebwa sana. Kwetu hapa, uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977, wengi wetu ni karatasi na shabaha za chuma, bunduki inatoka kwa begi inaenda mezani, kwa hivyo sioni sababu ya wengi kuogopa njia ya pili.

Onyo moja kubwa: usitoboe, usichonge, usipige msasa tenki la hewa. Hata mkwaruzo. Hilo linabeba bari 200, tairi la gari yako linabeba kama 2. Kama pete imeganda, weka mafuta upoe, usitumie patasi.

Ukimaliza hapa, piga tena makundi ya hatua ya 1. Kwa watu wengi kazi inaishia hapa na stoku haikuwa na neno.

## Hatua ya 6: Kusugua stoku

Fanya hii kama ramani ya hatua ya 3 ilionyesha stoku inagusa, basi.

Toa stoku kabisa. Kunja msasa 120 kwenye paipu ya PVC, sugua mfereji wa mtutu kwa mivuto mirefu ya kwenda na kurudi, usikae mahali pamoja. Kila baada ya dakika chache funga stoku, kaza skrubu zake, pima na fila geji. Kwa mbao ngumu pengo la milimita 1 kila upande linatosha, kwa plastiki nenda 1.5. Mfereji wa tenki ndani ya stoku fanya vivyo hivyo pale wanja ulipochapa, sio tenki lenyewe.

Usiguse kamwe pale risiva (mwili wa chuma unaobeba brichi na triga) inapokalia stoku. Hapo ndipo bunduki inapaswa kushikwa kwa nguvu, ukipalegeza umeanzisha ugonjwa mpya wenye dawa ya gharama.

Maliza na 240, futa vumbi, paka vanishi mipako miwili ndani ya mfereji. Wengi wanaacha mbao uchi ndani kwa sababu haionekani. Mbao uchi inakunywa unyevu wa mvua za Machi hadi Mei, inavimba, na lile pengo ulilolifurahia Januari linapotea. Acha vanishi ikauke usiku mzima kabla ya kufunga, ikikauka na chuma kimekaa juu yake imekuwa gundi.

## Hatua ya 7: Kufunga

Simamisha bunduki wima, kitako chini, ili risiva ikae nyuma yenyewe, alafu kaza skrubu za stoku kwa zamu. Ukishafika toki, weka alama ya rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwa stoku. Siku mstari ukivunjika utajua imelegea bila kupima.

Jaza hewa pole pole. Kujaza haraka kunapasha tenki joto na geji inakudanganya, ikipoa presha inashuka.

## Hatua ya 8: Hakikisha

Rudia zile za presha: 200, 170, 140. Katikati za makundi matatu zinapaswa kuwa mahali pamoja pembeni kwa pembeni. Kushuka kidogo chini kwa spidi ni sawa kama huna regyuleta.

Fanya jaribio la mzigo: kundi moja mfuko wa mchanga ukiwa karibu na triga, lingine mfuko ukiwa mbele kabisa ya stoku. Yakitengana, stoku bado inagusa ukiiegemea, rudi hatua ya 3.

Alafu jua. Piga kundi kivulini, acha bunduki tupu juani nusu saa upande mmoja, piga tena. Usitegemee sifuri kabisa, chuma ni chuma na skopu pia inapata joto, lakini inapaswa kuhama kidogo kuliko mwanzo.

Ukiona makundi hayahami tena ila yamekua makubwa kidogo kuliko ya mwanzo, usipanike. Mtutu mwembamba ukiachiliwa unatikisika kwa namna mpya, na peleti iliyokuwa tamu zamani inaweza isiipende. Jaribu peleti nyingine ya uzito tofauti, badilisha spidi kidogo kama bunduki yako inaruhusu. Ikikataa, weka oringi laini kwenye pete, rudia hatua ya 8. Kama oringi inakupa makundi madogo na presha haiyahamishi, iache hapo hata kama rafiki yako wa renji anasema mtutu lazima uwe huru. Karatasi ndiyo ina neno.

Kuanzia hapo usiinue bunduki kwa kushika mtutu, usiiegemeze ukutani kwa mdomo, na kwenye begi weka sponji chini ya tenki, sio chini ya mtutu. Barabara zetu na yale mabampa zitakukumbusha. Ikigongwa, peleti 5 za kuangalia ziro kabla ya kuanza kugeuza turreti, zile nobu za kurekebisha skopu.